Mdomo wa Mhariri Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu Kalamu Nyekundu,

Kaka yako amesimama mlangoni na kikombe chake, anataka nikuambie kwamba goti limepona na kwamba hajarudia kubeba mizigo. La pili ni uongo. Sasa nimefikisha salamu za mume wangu, nije kwenye jambo langu.

Nimechaguliwa, wifi!

Kaa chini kwanza. Unajua tangu masikio yangu yabaki kiwandani, simu kwangu ni kitu cha kusoma tu. Basi Ijumaa niko uani naanika nguo, simu ikatetemeka mfukoni. Nikaisoma mkono mmoja, mkono wa pili umeshika shuka la maji, nikalowa mpaka viatu bila kujua. Jumba la kuchapisha vitabu limeniandikia mimi! Mimi niliyesimama mbele ya mashine za kufuma nguo miaka ishirini na sita, nikatoka na pensheni ndogo na masikio yaliyoziba.

Nilikuwa nimeweka ukurasa mmoja tu wa riwaya yangu kwenye lile kundi la simu la waandishi wapya, nililokuambia lina watu mia mbili na kitu. Ukurasa mmoja, na hawa wakaniona. Barua yao nimeinakili neno kwa neno, nimeibana nyuma ya hii. Isome taratibu, ukifika kwenye machozi usinicheke.

Sikutaka kusema, lakini nitasema. Madaftari yangu matatu unayo wewe huu mwezi wa saba. Silaumu. Wewe ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, kutwa unasoma vitabu vya watu wenye majina. Ila uone kwamba wapo walionisoma kwa siku mbili wakalia.

Binti yangu anasema nikuandikie ujumbe wa simu, utafika haraka. Nimemjibu kwamba ujumbe wa simu unanifanya niongee kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Hii naikabidhi ofisi ya mizigo ya basi, utaipata kesho.

Wifi yako,
Mfumaji


(Imebanwa nyuma)

28 Februari

Kwa Mwandishi Mahiri, Mpendwa na Mteule,

Jopo letu la kimataifa la wahariri tisa limesoma riwaya yako isiyo na kifani na kububujikwa na machozi ya furaha. Shujaa wako ni mwanamume wa kuigwa na kila kijana. Kalamu yako ni dhahabu, nasi ni sonara.

Kati ya waandishi elfu nne walioshindanishwa, nafasi ni tano. Moja ni yako. Kuihifadhi, tuma ndani ya saa sabini na mbili: mswada kamili, picha ya kitambulisho pande zote mbili, fomu ya haki iliyotiwa saini, na ada ndogo ya usajili kwenye namba ya simu ya Mhasibu wetu.

Tunaomba jambo hili liwe siri mpaka siku ya kutangazwa, kwa kuwa wenye wivu ni wengi.

Wako katika sanaa,
Mhariri Mkuu
Jumba la Kalamu ya Almasi


Jumatano, 5 Machi

Wifi,

Usitume kitu. Naanza na hilo ili ukichoka kusoma uwe umelipata. Usitume kitu.

Barua yako imenikuta mezani na prufu, kurasa za kusahihisha za kitabu cha hesabu, nimeziacha. Nijibu haya. Wewe uliweka ukurasa mmoja kwenye kundi. Hawa wahariri tisa riwaya nzima waliisoma wapi? Ulishindanishwa na watu elfu nne kwenye shindano ambalo hukuingia? Na huyo shujaa mwanamume ni nani? Yule fundi mitambo anayeumwa tumbo na kupotea ukurasa wa nne? Kitabu chako chote ni wanawake kumi na mmoja wa zamu ya asubuhi! Hiyo barua haina neno hata moja linalohusu kitabu chako. Hata jina lako haina; unaweza kumpelekea mwandishi wa mashairi, wa hadithi za watoto, hata wa mapishi, na kila mmoja atajiona yeye ndiye dhahabu.

Mchapishaji wa kweli anakulipa wewe, kidogo na kwa kuchelewa, lakini anakulipa wewe. Halafu hana saa sabini na mbili. Mimi nafanya kazi na wachapishaji mwaka wa kumi na saba huu, sijaona mmoja mwenye haraka. Na anayekuambia usimwambie mtu, anajua kuna mtu ukimwambia atakushtua.

Wanakuingiza mjini, wifi. Mtu mzima kama wewe, kwa mistari kumi ya sukari! Amka.

Kalamu Nyekundu


Jumamosi, 8 Machi

Binti hajambo. Kaka yako hajambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona hasira. Mara ya pili niliona kitu kingine: fundi mitambo anaumwa tumbo na kupotea ukurasa wa nne. Kumbe umesoma! Umesoma mpaka umehesabu wanawake wa zamu ya asubuhi, na miezi saba hukuniandikia hata "nimepokea". Ulisoma, ukaona hakifai, ukanyamaza. Sasa mwingine amekiona, ndipo umepata sauti.

Kiwandani nilizoea kuambiwa na wenye viatu visafi kwamba mkono wa mfumaji ni wa uzi tu. Sikutegemea kuambiwa na wewe.

Wale wameniongezea muda mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Kwa upendeleo, wamesema. Mengine ni yangu na wao.

Mke wa kaka yako


Jumanne, 11 Machi

Wifi yangu, dada yangu,

Barua uliyotia saini "Mke wa kaka yako" nimeiweka kwenye droo, sitaki kuiona tena. Nilikuandikia kama naandika pembeni mwa prufu, futa hiki, kata kile. Naanza upya.

Madaftari yako niliyasoma kwa siku mbili. Jikoni, kwenye foleni ya benki, na mara moja nilishuka kituo kisicho changu. Wiki iliyofuata niliyapeleka kwa mama mmoja, mhariri kwenye nyumba ya vitabu inayochapisha kwetu. Akaniambia atayasoma, ila ana rundo, na nisikuahidi kitu. Sikukuahidi kitu, nikanyamaza, na kumbe kunyamaza kwangu kulikuwa kunakusema vibaya. Nisamehe.

La pili ni gumu, na kaka yako halijui.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na mashairi arobaini. Wewe hukuwahi kuambiwa, hakuna aliyewahi. Nikaandikiwa na watu wa tuzo fulani mtandaoni. Nilikuwa mteule mimi pia. Machozi yalikuwepo, sonara alikuwepo, siri ilikuwepo. Nikatuma mashairi, saini, na akiba yangu yote ya mwaka ule. Baada ya hapo kila nikiandika, barua inanirudia kwamba anwani haipo.

Nyumbani nilisema nimeibiwa mkoba stendi. Kaka yako akaniuliza mwizi yukoje. Nikasema ana kovu shavuni. Akazunguka ile stendi siku mbili, wifi, kwenye jua, anatafuta kovu nililolibuni mimi.

Mwaka uliofuata nikakutana na shairi langu la mama kwenye ukurasa wa mtu nisiyemjua, jina lake juu, watu wanampongeza. Nilishika simu muda mrefu. Mwisho nikaandika chini yake: "Hongera." Sikujua niandike nini kingine. Tangu siku hiyo nasahihisha ya wengine tu.

Kwa hiyo nilipoisoma barua ya wale wako, sikukuona wewe mjinga. Nilijiona mimi, na nikajigombeza kupitia kwako.

Sikuambii tena usitume. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie Mhariri Mkuu unataka kumwona uso kwa uso, kwenye simu ya video, kabla ya tarehe kumi na saba. Mtu aliyekutafuta mpaka kwenye kamba ya nguo hashindwi kukaa mbele ya kamera dakika tano.

Wifi yako, kama bado unanitaka,
Kalamu Nyekundu


Jumamosi, 15 Machi

Wifi yangu, nakutaka, na leo nakutaka zaidi ya jana!

Nimelia kwa shairi la mama, na hilo kovu limenichekesha katikati ya kulia, nisamehe. Tutalizungumza. Kwanza nikupe ya hapa, maana kalamu inaruka.

Niliwaandikia kwamba sitatuma ada mpaka nimwone Mhariri Mkuu. Wakagoma siku moja. Ana safari, ana mikutano. Nikawaambia basi, nafasi yangu mpeni mwingine kati ya wale elfu nne. Baada ya robo saa mikutano ikaisha.

Jana saa kumi jioni tukakaa mezani, mimi na binti yangu, ili asikie kwa niaba yangu. Simu tumeiegemeza kwenye mkebe wa sukari. Akatokea mwanamume nadhifu, koti la kijivu, tai nyekundu, nyuma yake ukuta mweupe. Wifi, nilisimama kumsalimia! Binti akaanza kuniandikia kwenye karatasi anachosikia: "Anasema hongera. Anasema jopo zima linakusalimu. Anasema kitabu chako ni urithi wa dunia."

Mimi nilikuwa natazama mdomo.

Unajua kiwandani mashine mia mbili zikipiga kwa pamoja, hata ukipiga yowe aliye karibu yako hakusikii. Tuliongea kwa midomo. Tulisengenyana kwa midomo, tulipeana habari za misiba kwa midomo, na msimamizi akipita katikati yetu hajui kitu. Miaka ishirini na sita. Maneno yenye m, b na p hayajifichi, midomo lazima ikutane. Na yule bwana midomo yake ilikuwa inakutana na kukutana.

Nikamshika binti mkono. Nikamwambia, "Andika anachosema sasa hivi."

Akaandika: "Anasema utasaini vitabu katika nchi saba."

Nikamwambia, "Mimi namwona anasema mabati."

"Mama!"

"Mabati ya mgongo mpana. Hayapati kutu. Mvua ikinyesha hupati kelele."

Binti akatazama, akasema labda ni mtandao, picha inachelewa nyuma ya sauti. Nikamwambia, "Mtandao unachelewesha mdomo. Haubadilishi maneno." Kisha yule bwana akainua kidole, akatabasamu, na nikamsoma wazi kama tangazo la ukutani: "Paa bora, bei ya kwetu." Nikamwambia binti amuulize wanawake wa zamu ya asubuhi ni wangapi. Sauti ikasema mtandao unasumbua. Picha ikaendelea kuuza mabati. Halafu kioo kikawa cheusi.

Tukatazamana. Binti akaanza kucheka, nami nikaanza, kaka yako akaja mbio kutoka uani akidhani kuna mtu ameungua.

Lakini wifi, nilipomaliza kucheka nikaketi chini. Kuna nililokuficha. Uliponiambia usitume kitu, nilikuwa nimeshatuma. Si ada, ada bado. Mswada kamili binti alikuwa ameuchapa kwenye kompyuta ya kazini kwake kabla madaftari hayajaja kwako, nikautuma. Kitambulisho pande mbili nikatuma. Fomu ya haki nimetia saini, na sikuisoma mpaka mwisho kwa sababu mwisho ulikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa. Niliona aibu kukuambia, kwa hiyo nikakukasirikia. Sasa najua ile hasira ilitoka wapi.

Kitabu changu wanacho, wifi. Nifanye nini?

Mfumaji


(Nakala, imebanwa nyuma ya barua fupi ya Mfumaji: "Imefika leo saa tatu asubuhi. Nifanye nini?")

17 Machi

Kwa Mwandishi,

Kutokana na utovu wako wa nidhamu, nafasi yako imefutwa. Hata hivyo, kwa mujibu wa fomu uliyotia saini, kazi yako sasa ni mali ya Jumba letu milele, nasi tutaichapisha kwa jina la mwandishi mwingine. Ukitaka kuirudisha, lipa ada ya kuvunja mkataba kabla ya saa ishirini na nne. Ukizungumza na mtu yeyote, mawakili wetu watakufikia.

Mhariri Mkuu


Jumatano, 19 Machi

Wifi yangu,

Ujumbe niliokutumia jana kwa simu, ule wa herufi kubwa tupu, ndio huohuo: HULIPI. Sasa nakueleza kwa nini, ulale.

Jana niliomba ruhusa kazini, nikachukua madaftari yako kwa yule mhariri nikaenda nayo ofisi ya hakimiliki. Karani akayafungua moja moja. Wewe kila sura umeandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza, umefuta, umeandika juu, umepiga mishale. Akaniambia, "Huyu mwizi akitaka kusema ni chake, atuletee vumbi kama hili." Nikampa pia risiti ya basi ya Agosti, ya siku uliyonitumia. Akagonga muhuri. Kitabu kimesajiliwa kwa jina lako, na madaftari nimeyarudisha kwa yule mhariri.

Ile fomu, nakala aliyonitumia binti kwa simu, nimeipitisha kwenye kioo cha kukuzia. Haina anwani, haina namba ya usajili wa kampuni, haina jina la mtu hata mmoja. Umetiliana saini na hewa. Nimemwonyesha mwanasheria anayeleta vitabu vyake kwetu, akasema hakuna mahakama atakayokwenda mtu asiyekuwepo. Sikuahidi kwamba hawatajaribu ujinga mwingine. Kwa hiyo leo leo nenda na binti polisi, mtoe taarifa kuhusu kitambulisho, mchukue namba ya taarifa. Mbadilishe nywila zote za simu. Barua zao usifute hata moja, huo ndio ushahidi. Na usiwajibu. Tishio lisilojibiwa hukauka.

Sasa cheka. Kijana wa kitengo chetu cha picha nilimweleza habari za mabati, akasema "subiri, mama," na kabla chai haijapoa akampata. Koti la kijivu, tai nyekundu, ukuta mweupe. Ni muuza mabati kweli, tangazo lake la mwaka juzi! Walichukua picha, wakaweka sauti yao juu. Neno kwa neno, wifi: mgongo mpana, hayapati kutu, paa bora. Hukukosea hata bati moja. Nimemwandikia muuza mabati mwenyewe kumweleza uso wake unafanya kazi gani siku hizi.

Nililoibiwa mimi nililinyamazia, na kunyamaza kwangu ndiko kulikowapa nafasi ya kwenda kwa mwingine. Kwenye lile kundi lako kuna watu mia mbili. Unadhani ni wewe peke yako? Andika, wifi. Si ndiyo kazi yako?

Kalamu Nyekundu


Alhamisi, 27 Machi

Wifi,

Polisi tulikwenda, namba ya taarifa ninayo. Afande alitaka kwanza kujua bei ya mabati.

Kisha nikaliandikia kundi. Asubuhi nzima nilifuta na kuandika, kama sura ya kitabu. Sikujipamba. Nilisema mimi ni nani, nilivyolowa na shuka mkononi, nilivyofurahi. Nikasema nilichotuma na nilichokuficha wewe. Nikaweka barua ya Almasi nzima, na chini yake nikaandika:

"Ndugu zangu, wanaotaka kitabu chako watakitaja kitabu chako. Hawa walimtaja shujaa ambaye sina. Kama na wewe umeambiwa una shujaa wa kuigwa na kila kijana, inua mkono, hakuna atakayekucheka, maana mimi nimeinua wa kwanza."

Nikabandika na tangazo la mabati.

Saa nzima, kimya. Nikajisemea basi, nimejivua nguo sokoni. Halafu mkono ukainuka. Mwalimu mstaafu, kaandika tamthilia: barua hiyohiyo. Mkono mwingine, nesi. Mwingine, dereva wa lori. Mwingine ni mama aliyeandika mwongozo wa kufuga nyuki, na yeye kaambiwa shujaa wake ni mwanamume wa kuigwa! Kwenye kitabu cha nyuki! Kundi zima likalipuka. Watu walicheka kwa maandishi mpaka simu yangu ikatetemeka ikaanguka mezani.

Tulifika kumi na mmoja. Watatu walikuwa wameshalipa, na mmoja wao alikuwa hajamwambia hata mkewe. Tumewapeleka polisi na barua zao, sasa taarifa si moja tena, ni rundo. Na yule nesi, wifi, ujumbe wangu ulimkuta kwenye dirisha la wakala, simu mkononi, namba ya Mhasibu ameshaiandika. Ameniambia, "Nilikuwa nimebakiza kubonyeza." Neno hilo nimekuwa nalo tangu juzi. Kubonyeza tu.

Jana muuza mabati akatoa video yake, umeiona? Amevaa tai ileile makusudi. Binti kaniandikia lakini sikuhitaji: "Mabibi na mabwana, mimi ni muuza mabati. Sijawahi kuhariri hata barua ya mapenzi. Mkiona uso huu unawasifia riwaya, kimbieni. Mkiuona unawasifia mabati, njooni." Imetazamwa na watu wengi kuliko watakaosoma kitabu changu maisha yote. Mpaka jioni ukurasa wa Almasi ukawa umefutwa. Wameondoka, watarudi na jina jingine, tunajua. Lakini watatukuta tunawasubiri. Kundi limeniteua kusoma barua zote zinazowafikia za kuteuliwa. Nimekuwa daktari wa barua! Leo nimetibu mbili.

Ruhusa nakuomba: barua yako ya kovu nimpe kaka yako aisome? Nadhani ni wakati.

Mfumaji


Ijumaa, 2 Mei

Bi Mwandishi,

Nimesoma madaftari yako matatu, kwa kuchelewa, kama kawaida yangu. Niwie radhi.

Sura ya tatu ni ndefu na haiendi popote. Fundi mitambo ama apone tumbo arudi, ama asiingie kabisa. Wanawake wawili wa zamu ya asubuhi, yule wa kofia na yule wa kikohozi, wanaongea kwa sauti moja mpaka nikawachanganya. Mwisho una haraka.

Mgomo wa siku ya mvua, watu wanapopanga kila kitu kwa midomo mbele ya msimamizi bila yeye kujua, niliusoma nimesimama.

Ningependa tukichapishe, ukikubali kukiandika upya kwa miezi mitatu au minne. Hakuna unacholipa. Rasimu ya mkataba naiambatisha. Chukua muda wako, mwonyeshe mtu unayemwamini, kisha uje tuzungumze. Anwani ya ofisi iko hapo juu, ghorofa ya pili, lifti ni mbovu.

Mhariri


Jumamosi, 24 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Barua ya yule mama mhariri ilinikasirisha siku mbili nzima. Sura ya tatu haiendi popote! Siku ya tatu nikaisoma tena, nikaona amewataja wa kofia na wa kikohozi, na nikajua: huyu amekisoma. Kwa mara ya kwanza mtu nisiyemjua amekaa na wanangu wale. Nilibusu karatasi, wifi, penye neno "wa kikohozi".

Jana nilipanda zile ghorofa. Alikuwepo mhariri na mwanasheria wao, kijana wa miwani. Rasimu nilikuwa nayo na maelezo yako pembeni, wino wako ule mwekundu mpaka ilionekana imechinjwa. Nikawaomba wanitazame wakiongea, wasiangalie karatasi. Wakanitazama.

Tukaenda vizuri mpaka kifungu cha tisa. Tafsiri za lugha zote, filamu, redio, na "njia yoyote itakayovumbuliwa", vyote vya nyumba yao milele. Nikasema, "Hiki hapana."

Mwanasheria akatabasamu. "Mama, hicho ni kifungu cha kawaida. Wote wanasaini."

Nikamwambia, "Hata ile barua ya mabati ilikuwa ya kawaida. Tuliipata watu kumi na mmoja."

Mhariri akacheka mpaka akavua miwani yake mwenyewe. Kijana akakusanya karatasi zake. Wakatoka nje dakika kumi. Wakarudi: kitabu cha Kiswahili ni chao kwa miaka saba, mengine yote ni yangu, wakitaka waje waombe. Mrabaha, fungu langu kwa kila nakala, umeandikwa, tarehe za kulipa zimeandikwa. Nikaomba kila ukurasa uchapwe upya mbele yangu. Nikausoma wote, pamoja na herufi ndogo, wakanisubiri. Kisha nikatia saini, kubwa, imevuka mstari.

Na kaka yako. Nilimpa barua uliporuhusu. Aliisoma akiwa amesimama, akaenda kukaa nje. Aliporudi akasema, "Mwenye kovu nilimpata, unajua? Siku ya pili. Nilimkamata shati. Akaapa hajaiba, akalia, nikamnunulia soda nikamwacha aende. Nimekaa miaka tisa najilaumu kwamba nilimwachilia mwizi wa dada yangu." Akacheka, wifi, akacheka mpaka akashika goti. Kisha akasema, "Mwambie shairi la mama yeye ndiye aliyeliandika. Mimi nilikuwa namwona anaandika. Nikiulizwa popote, nitasema nilimwona."

Shahidi unaye. Nenda na vumbi lako kwa yule karani wa muhuri.

Mfumaji, mwandishi


Jumatatu, 15 Desemba

Wifi,

Nilienda kwa karani. Mashairi kumi na saba nimeyapata kwenye karatasi za zamani, yamesajiliwa. Mengine matatu ni mapya. Hayo utayaona.

Lakini leo naandika kwa jambo lingine, na naandika nikiwa kwenye ngazi za ofisi ya vitambulisho, karatasi iko gotini, kwa sababu nikisubiri kufika nyumbani nitalipunguza.

Nilikuja kufuatilia kitambulisho changu. Foleni mpaka mlangoni. Mbele yangu, nafasi ya tatu kutoka dirishani, alikuwepo mwanamke wa makamo, begi la kazi begani, viatu vimeliwa upande. Sare ya wasafisha ofisi. Alikuwa anasoma. Nikachungulia nione nini, maana kuchungulia ndiyo kazi yangu, nikaona jalada la kitabu chako kilichotoka juzi tu.

Simjui, wifi. Hanijui, hakujui. Si wa lile kundi, si wa kwetu. Ametoa pesa mfukoni mwake akakinunua. Alikuwa amefika siku ya mgomo, nilitambua kwa unene wa kurasa zilizobaki. Midomo yake ilikuwa inacheza, anajaribu maneno bila sauti, kama wale wanawake.

Foleni ikasogea. Yeye hakusogea. Karani akagonga kioo, akamwonyesha kwa mkono: njoo, zamu yako. Watu wakaanza kuguna nyuma. Nilitaka kumwambia, mama, huyo aliyekiandika ni wifi yangu! Neno lilikuwa limeshafika menoni. Nikalimeza, nikaona nisimkatize yeye na wale wanawake.

Akainua macho. Akaangalia dirisha, akaangalia ukurasa, akageuka kwa mzee aliyekuwa nyuma yake.

"Pita wewe, baba," akamwambia. "Mimi bado kidogo."

Kalamu Nyekundu